Mhadhara wa Fedha Njia Panda ya Magole

Mtaalamu alianza na wasifu wake, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine ambaye angeusoma kwa heshima inayostahili. Ni mtafiti wa kimataifa: amewahi kuvuka mpaka wa Tunduma kufuata vitenge. Ni mshauri wa migodi: aliuza mitumba Mirerani msimu mzima. Ni mwanahistoria pia, na hilo halihitaji cheti, linaonekana kwenye koti. Wasikilizaji wake, pale Magole ambapo barabara ya Turiani inachepuka kutoka barabara kuu ya Morogoro na Dodoma, walikuwa bodaboda waliokosa abiria, akina mama wenye matenga ya nyanya, na mzee mstaafu wa reli aliyekuja na kiti chake mwenyewe.

Mada ilikuwa “Historia ya Mji wa Kikoloni wa Machimbo ya Fedha, na Mchango wa Magole Uliofichwa”. Neno la mwisho alilitamka kwa kunong'ona, huku akitazama kushoto na kulia kama mtu anayefuatiliwa na balozi fulani.

“Mtaalamu anapoizungumzia Potosí,” alisema, na kwa kawaida yake hajiiti “mimi”, “Potosí yenyewe hunyamaza ikasikiliza.”

Potosí iko katika nchi ambayo leo ni Bolivia. Mji umekaa zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima mwekundu ambao Wahispania waliuita Cerro Rico, Mlima Tajiri, na kilele chake kinakipita kile cha Meru. Mwaka 1545 mwenyeji mmoja aitwaye Diego Huallpa aligundua hapo mshipa wa fedha. Masimulizi yanagongana. Wengine husema alikuwa akimfukuza lama aliyepotea, akashika kichaka asiteleze, kichaka kikang'oka na chini ya mizizi pakameremeta. Wengine husema aliwasha moto wa kuota usiku, asubuhi akakuta fedha imeyeyuka kwenye majivu. Mtaalamu alitangaza kwamba anaziunga mkono hadithi zote mbili, kwa kuwa yeye si mtu wa ubaguzi.

Mlima ule hauoti mahindi. Hauoti karibu chochote. Hata hivyo, mwanzoni mwa karne ya 17 wakazi wa Potosí walikadiriwa kufika 160,000, idadi ambayo ni miji michache tu ya Ulaya ya wakati huo iliyokuwa nayo. Kila walichokula kilipandishwa kutoka mabondeni: mahindi, viazi, divai, na majani ya koka ambayo wachimbaji walitafuna ili kuisahau njaa. Fedha nayo iliteremka kwa migongo ya lama na nyumbu hadi bandari ya Arica, ikapanda meli kwenda Lima, kisha Panama, kisha Hispania. Hapa bodaboda walisogea karibu. Mmoja akataka kujua lama anabeba kilo ngapi na analipwa na nani. Mtaalamu akajibu kwamba maswali ya uchukuzi yako chini ya hadhi ya mhadhara.

Miaka ya mwanzo wenyeji walikuwa mafundi wenyewe. Waliyeyusha mawe katika tanuru ndogo ziitwazo guayra, zenye matundu pande zote, zikapangwa kwenye miinuko kungojea upepo uvuvie moto. Usiku mlima ulionekana umejaa taa. Mawe bora yalipopungua, Wahispania walileta njia iliyokuwa imebuniwa Mexico na Bartolomé de Medina mwaka 1554: jiwe linasagwa unga, linachanganywa na chumvi na zebaki, linakanyagwa, kisha linachomwa ili zebaki itoke na fedha ibaki. Zebaki ilitoka Huancavelica, huko Peru.

“Zebaki,” alieleza Mtaalamu, “ni kimiminika cha ajabu ambacho ninyi hamwezi kukielewa.”

“Tunakielewa, Dokta,” alisema kijana mmoja aliyekaa juu ya pikipiki yake. “Nimekaa Chunya miaka. Unga ukitoka karasha unaikamata dhahabu kwa zebaki, halafu unachoma. Ule moshi ndio unaommaliza mtu.”

Yalikuwa maneno machache, na yalikuwa na kemia nyingi kuliko mengine yote ya siku ile. Mtaalamu alikohoa, akayahesabu kama nukuu yake mwenyewe, akaendelea.

Aliyeipa Potosí ukubwa wake ni Francisco de Toledo, mwakilishi wa mfalme wa Hispania huko Peru. Katika miaka ya 1570 alichukua mita, utaratibu wa kale wa Wainka wa kufanya kazi kwa zamu, akaugeuza kuwa shokoa ya mgodi. Mikoa 16 ilitakiwa kutoa mtu mmoja kati ya kila wanaume saba kila mwaka. Jumla yao ilikuwa zaidi ya 13,000, na wengi walitembea wiki nyingi wakiwa na wake, watoto na mifugo. Ujira ulikuwepo, lakini haukutosha hata kununua chakula katika mji ambako kila kitu kilipandishwa mlimani.

Mama mmoja wa nyanya akainua mkono. “Baba, samahani. Hao waliokwenda, mashamba yao alilima nani?”

“Swali zuri sana, mama. Litajibiwa mwishoni.”

Halikujibiwa, na ni hasara, kwa sababu mama yule alikuwa ameshika kiini cha jambo zima. Mashamba yalilala. Vijiji vilivyoandikwa kwenye daftari la mita vilianza kupungukiwa na watu, si kwa kufa tu bali kwa kuhama. Mtu aliyeondoka kwao akahamia kijiji cha wengine aliitwa mgeni, na mgeni hakudaiwa zamu. Basi wageni wakawa wengi, na mzigo wa waliohama ukawaangukia waliobaki, nao wakaona afadhali wahame. Wakuu wa vijiji waliopungukiwa na watu walilazimika kulipa pesa badala yao, na wenye migodi walizipokea bila kuuliza. Kwa karne nzima maofisa waliandikiana barua kulalamika kwamba daftari linasema kitu kimoja na kijiji kinasema kingine. Mita ilidumu hadi karne ya 19.

Mtaalamu alitaka kuruka mwaka 1626. Alisema ni mambo ya maji, na yeye ni mtu wa madini. Lakini alikuwa amekwisha kutaja kwamba vinu vya kusagia mawe viliendeshwa kwa maji, na kwamba juu ya mji Wahispania walijenga mabwawa mengi, wakayaunganisha kwa mifereji. Mzee wa reli akauliza kama hayakuwahi kupasuka. Yalipasuka. Machi 1626 ukingo wa bwawa la San Ildefonso ulivunjika, na katika muda wa saa chache maji yalifagia nyumba, vinu na watu wengi sana. Uchimbaji ulisimama.

Magole hawakuhitaji picha. Januari 2014 Mto Mkundi ulifurika, ukakata barabara ya Dodoma kwenye daraja la Dumila na kuingia majumbani huku Magole usiku usiku. Kwa dakika kadhaa mhadhara ulitoka mikononi mwa mhadhiri: huyu akaeleza jinsi alivyopandisha watoto darini, yule jinsi magunia ya mahindi yalivyoelea hadi kwa jirani na jirani akayakana. Mtaalamu alisubiri akiwa amekunja mikono, mithili ya bwana harusi ambaye ngoma imemsahau.

Aliwarudisha kwa wizi, mbinu ambayo haijawahi kushindwa. Potosí ilikuwa na kiwanda chake cha kupiga sarafu tangu miaka ya 1570. Katika miaka ya 1640 wakubwa wa kiwanda na wafanyabiashara wa fedha walianza kuchakachua: shaba ikazidi, fedha ikapungua, alama ya mfalme ikabaki palepale. Wenye mabenki wa Ulaya walizipima, wakazikataa, na kwa muda sarafu yoyote yenye alama ya Potosí ikawa kama cheti cha kununua. Mfalme alituma mkaguzi. Tajiri mkubwa kati ya wahusika, Francisco Gómez de la Rocha, alinyongwa mwaka 1650. Bodaboda walifurahi, si kwa kifo chake, bali kwa kusikia kwamba mkaguzi alifika.

“Na sasa,” Mtaalamu alipaza sauti, “tunaingia Magole!”

Alikuwa na mwelekeo wa ukweli hapa, ingawa si ule alioukusudia. Sarafu za Kihispania zilizopigwa Mexico, Lima na Potosí zilizunguka dunia nzima, na Bahari ya Hindi hazikuikosa. Upande mmoja zilikuwa na nguzo mbili. Watu wa pwani yetu wakaziona nguzo zile kuwa mizinga, ndiyo sababu Unguja zilijulikana kama riale ya mzinga. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa: watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa piasta 20. Piasta hizo zilikuwa fedha ya Amerika. Fedha kama ile iliyotolewa mlimani kwa shokoa ikaja kununua watu Kilwa, na watu wale wakapelekwa kulima katika visiwa vya Wafaransa. Mtaalamu alilisema jambo hili kwa haraka, akiwa na pupa ya kufika kwake.

Hoja yake kuu ilikuwa kwamba Kilosa, ambayo ndiyo wilaya ya Magole, ilikuwa Potosí ya Wajerumani. Ushahidi: ilikuwa na boma. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kilosa mwaka 1909, na Mtaalamu aliuliza kwa ukali Wajerumani wangeleta reli kufanya nini kama si kusomba fedha. Katani, alijibu mzee. Pamba, alijibu mama. Lakini fedha ilikuwepo kweli, na wala haikuhitaji shimo. Tangu 1898 serikali ya Kijerumani ilidai kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya shamba, na rupia ile ilikuwa sarafu ya fedha yenye sura ya Kaisari amevaa kofia ya tai. Ilipigwa Ujerumani. Msagara au Mkaguru hakuwa na njia ya kuipata isipokuwa kuuza mazao au kuuza siku zake, na siku ziliuzwa kwenye mashamba ya walowezi. Akilipwa Jumamosi, karani wa boma anaichukua. Sarafu ilitoka Berlin, ikapita mkononi mwake, ikarudi bomani. Alichobaki nacho ni alama kwenye kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi. Toledo angeuelewa mpango huo bila mkalimani. Mwaka 1905, kodi ilipoanza kudaiwa kwa sarafu taslimu tu na watu wa kusini wakiwa tayari wanalazimishwa kulima pamba, Maji Maji iliwaka, na moto wake ulipanda hadi Uvidunda.

Mzee wa reli alikuwa amevumilia vya kutosha. “Mwanangu,” alisema bila kuinuka, “fedha ya Tanganyika hii haikutoka Kilosa. Ilitoka Mpanda.”

Huko magharibi, kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba madini ya risasi wakati wa Waingereza, na ndani ya risasi ile kulikuwa na fedha, shaba na dhahabu kidogo. Kwa ajili ya mgodi huo tu serikali ya kikoloni ilijenga tawi la reli kutoka Kaliua, kilomita 210 za pori. Mji ukaota kwenye mwisho wa reli. Mwaka 1960 mgodi ulifungwa, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Mji haukufungwa, na leo ndio makao makuu ya mkoa wa Katavi.

“Wazee walionifundisha kazi Tabora waliyapeleka mabehewa ya mgodi huo,” aliendelea mzee. “Makinikia, ule unga wa mgodi, hayakuanza 2017 na yale makontena 277 yaliyozuiwa bandarini. Yalipita Kaliua, Tabora, Dodoma, yakapita hapo Kilosa yakielekea Dar es Salaam na melini. Kilosa yalisimama kunywa maji ya injini tu.”

Kwa hiyo fedha imepita wilaya hii mara kadhaa: bomani kama kodi, na relini kama unga wa mgodi. Sasa inapita treni ya umeme, nayo ina haraka kuliko zote. Mtaalamu alipaswa kumshukuru mzee, maana amepewa bure hoja ambayo mhadhara wake wote ulikuwa ukiitafuta. Badala yake aliingiza mkono kwenye koti na kutoa ushahidi wa mwisho: jiwe linalong'aa, lililookotwa, alisema, mahali asipoweza kupataja kwa sababu za kiusalama.

“Fedha ghafi ya Magole!”

Kijana wa Chunya aliliomba, akaligeuza juani, akachomeka ukucha pembeni. Likaachia ganda jembamba, kisha lingine chini yake, yote yakipitisha mwanga.

“Dokta, huu ulanga.”

Na ulanga una historia yake halali katika mkoa huu. Wajerumani waliuchimba milimani Uluguru kabla ya Vita Kuu ya Kwanza wakausafirisha kwao, kwa kuwa hauungui na haupitishi umeme, hivyo ulifaa kwa mitambo na kwa vidirisha vya majiko. Mama wa nyanya akauliza kilo moja inauzwaje siku hizi. Mtaalamu alilirudisha jiwe mfukoni taratibu, akafunga kifungo cha koti, akatangaza kwamba Jumamosi ijayo, mahali hapohapo, kiingilio shilingi 500, atahutubia juu ya ulanga, somo ambalo amelitafiti kwa siri muda mrefu kuliko mtu yeyote barani Afrika.