Microgynon na Yasmin: Nani Abaki na Taji?

Kila saluni ina shoga anayeapa kwa vidonge vya kuzuia mimba vya Microgynon na mwingine anayeringia vya Yasmin, na wote wawili si madaktari. Tuhesabu kurudi nyuma.

5. Ukoo
Mama mmoja, baba mbalimbali. Istrojeni ni ileile, mikrogramu 30 kwa kila kidonge. Projestini ndiyo inayowatenga: Microgynon 30 ina levonorgestreli, Yasmin ina drospirenoni.

4. Kuzuia mimba
Sare. Kwa anayemeza bila kuruka hata siku moja, mimba ni chini ya 1 kwa wanawake 100 kwa mwaka. Kwa sisi wa kusahau paketi kwa shangazi, hufika kama 7. Mwenye dozi ya kifua kikuu yenye rifampisini amwambie muuguzi mapema, maana dawa hiyo huvidhoofisha vyote viwili.

3. Vile vya kahawia
Microgynon Fe ina vidonge 28, na 7 vya mwisho ni madini ya chuma tu. Ukivitupa hujapoteza kinga, umepoteza hesabu ya siku. Yasmin ya vidonge 21 inakuachia wiki nzima ujikumbushe mwenyewe. Kila la heri.

2. Chunusi
Hapa Yasmin anatembea kwa maringo. Drospirenoni ni ndugu wa spironolaktoni, dawa ya kukojosha, hivyo hupunguza maji mwilini na kuzikabili homoni za kiume zinazochochea chunusi. Lakini undugu huohuo unaweza kupandisha potasiamu kwenye damu. Mwenye figo mbovu aridhike na chunusi zake.

1. Damu kuganda
Hapa utani unapungua. Mwaka 2013 Wakala wa Dawa wa Ulaya ulitoa hesabu hii: kati ya wanawake 10,000 wasiotumia vidonge wala wasio wajawazito, damu huganda mishipani kwa kama 2 kwa mwaka. Kwa levonorgestreli ni 5 hadi 7. Kwa drospirenoni, 9 hadi 12. Na jirani anayekutisha kwa vidonge, mkumbushe kwamba ujauzito wenyewe una hatari kubwa zaidi ya hiyo.

Taji ni la Microgynon, asiye na mbwembwe. Yasmin amfuate mwenye chunusi sugu, baada ya kupimwa presha na kuulizwa maswali. Ila kama unavuta sigara na umefika miaka 35, unaugua kipandauso cha kuona vimulimuli, au damu imewahi kukuganda, usimchukue hata mmoja: mwombe muuguzi njia isiyo na istrojeni.