Lenzi Iliyotoka Dubai

Hapa kwetu Kigobe vitu vya kamera tunaviagiza zaidi kuliko kuvinunua dukani. Anasubiriwa ndugu anayesafiri, anatajiwa kitu kwa simu, naye anakibeba katikati ya nguo zake mpaka uwanja wa ndege wa Bujumbura. Kikishafika hakirudi. Muuzaji yuko Dubai, na aliyekileta ni mtu wa damu aliyetoa jasho lake. Utamwambiaje kwamba alicholeta hakifai? Ndiyo maana lenzi moja ndogo iliweza kuitikisa nyumba yetu nzima katika wiki ya mahari.

Binti yetu mkubwa alikuwa anaposwa. Mdogo wake wa kike ana Nikon D3200, kamera iliyotoka mwaka 2012, ambayo aliipata kwa mtu pamoja na lenzi yake ya 18-55. Sebule yetu ina kiza, na wazee hawapendi flashi ya machoni, kwa hiyo alitaka lenzi ya milimita 50 yenye tundu kubwa la mwanga, f/1.8. Akamwandikia kaka yangu: "Mjomba, naomba lenzi ya Nikon, 50, 1.8, na filta yake ya polaraiza, ya picha za ziwani." Mjomba akaja na vyote viwili, amevifunga ndani ya soksi mpya.

Usiku ule tulikusanyika sebuleni. Lenzi iliingia kwenye kamera bila shida, ikazungushwa, ikalia "ta!" Binti mdogo akabonyeza. Kamera ikagoma, na kwenye kioo chake zikawa zinawaka na kuzima herufi FEE. Akajaribu filta: ilikuwa pana kuliko mdomo wa lenzi, ikaanguka kwenye zulia. Baba watoto akasema waziwazi kwamba shemeji yake kapunjwa. Kaka yangu hakujibu, alisogeza sahani pembeni na chakula kikapoa. Posa ilikuwa Jumamosi, na hela ya kukodi mpiga picha ilikwisha kwenda kwenye vitambaa vya imvutano, vazi letu la sherehe.

Aliyetutuliza ni mama yangu, ambaye alikuwa amekuja kutoka Buyenzi kwa ajili ya shughuli. "Msikitukane kitu cha mtu kabla hamjakijua," alisema. "Kesho namwita fundi."

Fundi wake ni mpiga picha wa siku nyingi. Alifika asubuhi, akanawa mikono, akaketi barazani na kuomba kitambaa safi. Kwanza alishika pete ya namba iliyo kwenye mwili wa lenzi, ile ya kupanga tundu la mwanga. Namba ya mwisho, 22, imeandikwa kwa rangi ya chungwa. Akaizungusha pete mpaka hapo, akasukuma kikufuli kilicho kando yake. FEE ikatoweka. Kamera hii hupanga tundu yenyewe, kwa hiyo inataka pete ya lenzi ikae kwenye 22 na isiguswe tena.

Lakini fokasi bado haikujiweka. Fundi akaichomoa lenzi, akaigeuza, akatuonyesha kitu kwenye duara la chuma la nyuma: skrubu ndogo yenye mfuo katikati. Kamera zenye mota ndani, kama D90 au D7000, zina ncha ya bisibisi inayochomoza na kuingia kwenye mfuo huo. Mota ikizunguka, vioo vya lenzi vinasogea. Tukachungulia mdomo wa D3200. Ncha ile haimo.

"Mwanangu, lenzi ni nzima na kamera ni nzima," alimwambia binti. "Ila kila mmoja anamngoja mwenzake aje na mota."

Nikon imekuwa ikitumia mdomo huo wa kufungia lenzi tangu mwaka 1959, ndiyo sababu vitu vya enzi mbalimbali huingiana. Kuingia ni jambo moja, kufanya kazi pamoja ni jambo jingine. Lenzi ya mjomba ni AF 50 f/1.8D, ya mwaka 2002. Iliyofaa kwa kamera yetu ni AF-S 50 f/1.8G, ya mwaka 2011, yenye mota yake ndani. Herufi chache tu zinazitofautisha. Na hapo siri ya filta nayo ikafichuka: ile ya D hupokea filta ya milimita 52, ile ya G hupokea ya 58. Mjomba aliuziwa lenzi ya zamani na filta ya lenzi mpya.

Fundi alitoa mfukoni pete nyembamba ya chuma, upande mmoja 52, upande wa pili 58. Ikaingia kwenye lenzi, filta ikaingia kwenye pete. Ikafaa pia kwa ile 18-55, kwa sababu nayo ni 52. Filta kubwa kuliko lenzi ina dawa, alisema. Ndogo kuliko lenzi huziba pembe za picha. Kisha akamfundisha binti kuzungusha fokasi kwa mkono huku akiangalia nukta ya kijani chini ya dirisha la kamera: ikitulia, piga.

Jumamosi ilifika. Ndani ya sebule filta ilitolewa, maana polaraiza hula nusu ya mwanga au zaidi. Lenzi ya 50 ilipiga nyuso za wazee kwa namna ambayo flashi isingeweza. Kwa picha ya ukoo mzima haikutosha: juu ya D3200 huona kwa wembamba wa lenzi ya 75, na nyuma ya binti palikuwa na ukuta. Akarudisha 18-55. Jioni kando ya Tanganyika, jua likielekea milima ya Kongo, filta ikapata kazi. Nguvu yake kwenye anga ni pale jua linapokuwa ubavuni, kwa hiyo aliwapanga wachumba awapige akielekea kusini. Mdomo wa 18-55 huzunguka wakati wa fokasi, basi aliweka fokasi kwanza, filta akaizungusha baadaye.

Tangu hapo, hakuna anayetumwa kutoka nyumba hii kwa jina la kitu peke yake. Tunapiga picha jina la kamera, herufi zote zilizo kwenye lenzi, na namba iliyo kando ya alama ya duara lililokatwa na mstari, ambayo ndiyo kipenyo cha filta. Ile 50 iliyo kwenye jina la lenzi ni habari nyingine kabisa. Picha hizo zinamtangulia msafiri mpaka mlangoni pa duka. Ndugu anayetubebea mzigo kutoka mbali hapaswi kuachiwa na mzigo wa kukisia, na kumpa namba kamili ni sehemu ya kumshukuru.