Haina Namba, Haina Zebaki

Niseme jambo moja kabla mama watoto hajanikatiza: simu zangu hazijaharibika. Kila anayeingia sebuleni kwetu hapa Kyela, awe mgeni wa Tukuyu aliyeteremka bondeni kufuata mchele au kijana wa mtaani aliyekuja kuomba chaji, akiziona zile simu nyeusi juu ya kabati huuliza swali lilelile: "Baba, namba zake nani kazing'oa?"

Hakuna aliyezing'oa. Zilizaliwa hivyo. Pale wengine wanapotegemea kukuta sahani ya matundu kumi, kiwanda kiliweka kifuniko kitupu, na ubavuni kikaweka mkono wa kunyonga. Unanyonga, kengele inalia kwa opereta, unamwambia unamtaka nani, naye anachomeka waya panapohusika. Ndiyo maana kwenye barua za zamani za ofisi, kona ya juu, utakuta jina la mji na namba ndogo ya tarakimu mbili au tatu. Ilitosha. Opereta alijua nani yuko ofisini, nani kasafiri na nani hataki kupokea.

"Kwa hiyo alikuwa anasikia mnachoongea?" huuliza vijana, macho yamewatoka. Alikuwa na uwezo huo, ndiyo. Na nyinyi mnaopiga simu ndani ya kosta mmeweka spika, mnamficha nani?

Hizo namba mnazozililia zina asili yake. Inasimuliwa kwamba Almon Strowger, mfanyabiashara wa maziko huko Kansas City, Marekani, alishuku kuwa waendesha mitambo walikuwa wakiwapeleka wafiwa kwa mpinzani wake. Akanuna, akabuni mtambo usiohitaji opereta, akapata hataza mwaka 1891. Mwaka uliofuata mtambo wa kwanza wa aina hiyo ukafunguliwa La Porte, Indiana. Ugomvi wa majeneza ndio uliotuletea haya yote. Hata hivyo wenye mikono ya kunyonga hawakuondoka haraka: Bryant Pond, kijiji cha jimbo la Maine hukohuko Marekani, kilinyonga mpaka 1983. Asije mtu kuniambia kwamba sisi wa bondeni ndio tuliochelewa.

Kuzipenda si tabu. Tabu ni kuzipata, na hapo ndipo ninapoanza kulalamika rasmi.

Mtu wa kwanza wa kunikera ni yule anayeamini kuwa ndani ya simu ya zamani mna zebaki nyekundu. Huyo hana haja na simu. Anataka mamilioni. Nikisikia kuna simu kwa mzee fulani upande wa Ipinda au Matema, nikifika nakuta wajukuu wameshaishusha darini, wameifunga kwenye kanga na kuificha chini ya kitanda, na bei imeshapita ya trekta. Kisa? Ni ya Mjerumani. Hapa kwetu kitu chochote kizito, cheusi na kilichoota kutu ni cha Mjerumani. Niliwahi kuonyeshwa simu ya Mjerumani iliyopigwa mhuri wa Kiingereza tumboni. Nilipousoma kwa sauti, mwenye nyumba alinijibu kwa upole kwamba Wajerumani walikuwa wajanja sana.

Kisha anakuja mtaalamu wa kupima. Anatoa simu yake ya mkononi, anaisogeza karibu na ile ya kale, mtandao unakatika, wote wanashika vichwa. Zebaki hiyo! Uzushi huu hatukuubuni sisi. Mwaka 2009 ulivuma Saudi Arabia, watu wakasema sindano za cherehani kuukuu za Singer zina zebaki nyekundu, na kipimo kilikuwa hichohicho cha simu ya mkononi kukata mawasiliano. Cherehani zikauzwa kwa maelfu ya riyali. Ila wenzetu Waarabu walau mtandao wao ulihitaji sababu ya kukatika. Huku kwetu mawingu yakitanda tu upande wa milima ya Livingstone mtandao umekwenda, na hakuna aliyewahi kuupasua mgomba akitafuta zebaki.

Mtu wa pili ni mnunuzi wa skrapa. Huyu hana imani yoyote, ana mizani. Ndani ya ile simu mna sumaku nene za chuma zilizopinda kama kwato, na katikati yake roli ya waya wa shaba inayozunguka unaponyonga. Sumaku na shaba ndivyo vinavyozaa umeme wa kupigia kengele. Mwenye skrapa anaona kilo. Anaivunja kwa nyundo, anatoa shaba, ganda analitupa mtaroni. Nimewahi kumfuata mmoja nikimsihi aniuzie nzima. Alinitazama kwa mashaka, akapandisha bei papo hapo. "Mzee, kumbe ni kweli ina kitu!"

Ukishaipata, bonde lenyewe linakupokea. Hewa yetu ya ziwani ina maji, na simu hizi zinayachukia maji. Kwenye kinywa cha kusemea mna punje za mkaa. Sauti ikizisukuma zinabanana na kuachana, mkondo wa umeme unapanda na kushuka, na huko upande wa pili sauti inazaliwa upya. Punje zikishika unyevu zinagandana, na unasikika kama uko chini ya kitanda. Dawa ya kwanza ni kugongagonga mkono wa simu taratibu na kuuanika, jambo ambalo mwezi wa Aprili hapa Kyela ni ndoto. Kamba ya simu imevikwa uzi wa pamba, na mende wa jikoni kwetu wanaipenda kuliko ubwabwa. Ganda la bakelaiti linataka king'arisho laini na subira. Mafundi wa sokoni wanataka msasa. Ukikubali msasa umekwisha, maana ule wororo wa juu ni tabaka jembamba tu, na chini yake limejaa unga wa mbao. Haling'ai tena mpaka kiama.

Na ndugu nao wana ujuzi wao. Mpwa wangu aliyesomea umeme aliona betri mbili kubwa za tochi nilizofunga, kila moja volti 1.5, akanicheka. "Mjomba, volti 3 haziwezi kumshtua hata nzi." Nikamwambia ashike nyaya mbili zile. Hizo betri ni za kusemea tu. Ya kengele inatoka kwenye mkono wa kunyonga, na inapita volti 60. Nikanyonga. Alimwita mama yake kwa Kinyakyusa safi, yeye ambaye siku zote hujifanya hakijui.

Simu mbili za namna hii, nyaya mbili na betri zake, zinazungumza bila mtambo, bila laini, bila bando. Nimezifunga sebuleni na jikoni. Nilipompigia mama watoto kwa majaribio, alipokea na kusema, "Njoo uchukue chai yako mwenyewe," akakata. Sauti ilifika safi kabisa.

Basi, msomaji wangu, ukiwa na simu ya kunyonga darini, usiivunje kutafuta utajiri, wala usimpe mtu wa mizani. Nimezifungua nikaona vilivyomo: sumaku, shaba, mkaa, kengele mbili na vumbi. Zebaki haimo. Na bei ya trekta silipi.