Kula kwa Intaneti Iliyozimwa: Mwongozo kwa Mtafiti Chipukizi

Nyumbani watakuuliza unafanya kazi gani. Ukijibu kwamba unatafiti utawala wa intaneti, shangazi atakuletea simu yake iliyogoma kufungua WhatsApp. Itengeneze kwa moyo mmoja. Huenda ikawa kazi pekee mwaka huo ambayo mlengwa atakushukuru.

Baada ya hapo tafuta tatizo la kutafiti, na uwe mwangalifu. Usiguse bei ya bando. Hilo muuza nyanya wa Mabibo analijua kukuzidi, na mtaalamu hapaswi kuzidiwa na anayemhoji. Tazama Uganda: Julai 2018 serikali ilipotoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, dunia nzima ilipiga kelele na maandiko ya miradi yakaandikika vizuri. Mwaka 2021 tozo hiyo ikaondolewa, ikaja asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Kodi iliyozama ndani ya bando haina kaulimbiu wala haipendezi kwenye bango. Iache.

Chagua kuzimwa kwa intaneti. Uzuri wa tatizo hili ni kwamba lina msimu, na kalenda yake hutolewa bure na tume za uchaguzi. Kongo walizima tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura. Uganda wakazima Januari 2021, katika mkesha wa kura. Tanzania ilibana mitandao ya kijamii Oktoba 2020, kisha tarehe 29 Oktoba 2025, siku yenyewe ya kupiga kura, intaneti ikazimwa nchi nzima. Kwa hiyo andiko lako limfikie mfadhili mapema. Mkulima wa mahindi hasubiri mvua inyeshe ndipo aanze kutafuta mbegu.

Siku ya kuzimwa ikifika, toa tamko kali mtandaoni. Waliokatiwa hawataliona, lakini wa Geneva watalisoma na kulisambaza, na wao ndio wanaosaini bajeti. Ila kabla ya kulaani, hakikisha ni serikali. Tarehe 12 Mei 2024 intaneti ya Afrika Mashariki ilizorota kwa sababu nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na bahari haijibu barua za wadau.

Kuhusu mbinu za utafiti sina mengi. Kibali utakiomba COSTECH ukiwa Tanzania, NACOSTI ukiwa Kenya, na uwe na subira. Takwimu zitumie kwa heshima. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya Tanzania ya 2018 yalifanya iwe kosa kuchapisha takwimu zinazopingana na za serikali. Mwaka uliofuata yakalegezwa, lakini mwandiko wa woga haukulegea. Ndiyo maana hadi leo ripoti zetu zimejaa "baadhi ya wahojiwa" na "kwa kiasi fulani". Na kama unatumia VPN kusoma kilichofungiwa ili uandike kuhusu kufungiwa, kumbuka kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, iliwataka watumiaji wa VPN wajiorodheshe. Taja hilo kwenye sura ya changamoto. Usitaje yako.

Sasa safari, ambazo ndizo kiini cha taaluma hii. Mada yako itakuwa kwamba intaneti haina mipaka. Ubalozi utataka barua ya mwaliko, taarifa ya benki na ushahidi kwamba una sababu ya kurudi kwenu. Viza ikikataliwa, utawasilisha kwa njia ya video, na mtandao ukikatika katikati ya sentensi, nyamaza tu: ukumbi utadhani ni sehemu ya mada, na watapiga makofi.

Mikutano mingine hutufuata huku huku. Jukwaa la Umoja wa Mataifa la utawala wa intaneti lilikutana Nairobi mwaka 2011, kisha Addis Ababa kuanzia mwisho wa Novemba 2022. Kaulimbiu ya Addis ilisifu intaneti stahimilivu kwa mustakabali wa pamoja. Tigray, ndani ya nchi hiyo hiyo, ilikuwa imekatiwa mawasiliano tangu Novemba 2020. Hapo mtafiti mwenye adabu anakunywa kahawa, na Ethiopia kahawa ni nzuri mno, kisha anauliza swali kuhusu akili bandia. Wachache waliuliza kuhusu Tigray ukumbini. Usiige tabia zao kama unataka kualikwa tena.

Kwenye mapendekezo ya ripoti yako, shikamana na Mkataba wa Malabo, ule wa usalama wa mtandao na ulinzi wa taarifa binafsi. Umoja wa Afrika uliupitisha Juni 2014, na kwa kuwa ulihitaji kuridhiwa na nchi 15 kati ya 55, ulianza kutumika Juni 2023. Miaka tisa! Mtu alimaliza shahada ya uzamili, akamaliza ya uzamivu, pendekezo lake likiwa lile lile: nchi zihimizwe kuridhia. Wengi walishtuka ulipoanza kazi, wakadhani riziki imekwisha. Badilisha neno moja tu: zihimizwe kutekeleza.

Ripoti iandike kwa Kiingereza na uizindue hotelini. Mgeni rasmi atatuma mwakilishi, naye atasoma hotuba inayopongeza jitihada zenu na kuondoka kabla ya chai ya saa nne.

Vumilia hivyo miaka kumi, kumi na tano, na serikali yenyewe itakuita kwenye kamati ya kuandaa kanuni mpya. Nenda. Utakuta rasimu ina kifungu kinachoruhusu kuzima mawasiliano kwa maslahi ya taifa. Usikipinge waziwazi, utaonekana mwanaharakati. Pendekeza kiongezewe maneno "kwa kuzingatia utaratibu utakaowekwa", utaratibu wenyewe usiwekwe, kisha usaini fomu ya posho kabla foleni ya chakula haijawa ndefu.