Milioni 38 Juu ya Turubai

Kamera zote za harusini hutazama watu. Droni peke yake ndiyo hutazamwa na watu. Mpiga picha wa chini anaweza kumzunguka bi harusi saa nzima na asipatikane wa kuuliza kamera yake ni ya kampuni gani. Droni ikinguruma tu, ukumbi mzima unainua videvu, watoto wanatoka mbio, na mjomba aliyekuwa anasinzia anaamka kuuliza hicho kitu kinauzwa shilingi ngapi. Ndiyo maana mrusha droni anapofikiria kubadili mashine, hesabu zake huwa mbili. Ipo ya kihisi na lenzi, na ipo ya videvu.

Mrusha droni mmoja wa Dar es Salaam amekuwa akizipiga hesabu hizo tangu Aprili 2023, mwezi ambao DJI, kampuni ya Shenzhen, iliitangaza Inspire 3. Yeye anayo Inspire 2, iliyotangazwa Novemba 2016, pamoja na kamera yake ya X5S. Ni mashine ya heshima. Ikishapaa, mikono yake inajiinua ili miguu isiingie kwenye picha, na kamera inabaki chini ikigeuka upande wowote inaotaka. Kwa miaka kadhaa hakuna kamati ya harusi iliyolalamika. Kisha jamaa akasoma sifa za ile mpya: kihisi cha milimita 36 kwa 24, video ya 8K, betri zinazobadilishwa bila kuzima mashine. Bei ya kuanzia, dola 16,499.

Kwa dola ya wakati ule, hizo zilizidi shilingi milioni 38. Alipomtajia mkewe, mama wa watu hakuuliza 8K ndiyo nini.

"Baba watoto," akasema, "hizo si bajaji tatu nne?"

Tangu siku hiyo kila balaa la kazini likapata mchawi wake: kamera imezeeka.

Ilianza na harusi ya Mbezi, chini ya maturubai. Jamaa aliirusha mashine karibu mno na meza ya heshima. Inspire 2 ina kilo 3.4 hata kabla ya kufungwa kamera, na ili uzito huo ukae hewani mapanga yake manne hayana budi kusukuma upepo mwingi chini. Upepo huo ulianza na vitambaa vya meza, ukapanda kwenye shela, ukamalizia kwenye sinia la pilau la wazee. Bwana harusi akashika shela. Mpambe akashika keki. Shangazi mmoja akalikumbatia sinia na hakuliachia mpaka droni ilipotua. Usiku, jamaa akikagua picha, akakuta shangazi ametoka vizuri ajabu, hadi punje za wali zilizomganda kwenye kilemba zinahesabika. Kamera haikuwa na kosa. Na Inspire 3 ina karibu kilo nne. Upepo wake usingekuwa na huruma zaidi.

Ikafuata siku ya dira. Droni ikihisi chuma kingi karibu hugoma kuruka mpaka dira yake irekebishwe, na kurekebisha ni kuinyanyua mashine mikononi, kuzunguka nayo mzunguko mzima ikiwa imelala, kisha mzunguko mwingine ikiwa imesimama wima. Jamaa alikuwa juu ya paa la hoteli, na zege la paa limejaa nondo. Akazunguka, ikakataa. Akasogea pembeni, akazunguka tena, ikakataa. Mlinzi aliyekuwa amesimama mlangoni akavua kofia, akanong'ona kwa mwenzake kwamba wasimsumbue kijana hadi amalize dua. Inspire 3 nayo ina dira, na nondo hazijui tofauti ya 2016 na 2023.

Kunguru ni sura nyingine. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wasaidie kusafisha taka, wakaona mji mzuri, wakazaana, wakavuka hadi bara. Leo anga la Dar es Salaam ni lao, na kitu kinachopita karibu na kiota bila kupiga hodi hushughulikiwa kwa pamoja. Warusha droni wana dawa moja: kupanda juu moja kwa moja, kwa kuwa ndege hupata shida kupanda wima kwa kasi hiyo. Jamaa alipanda, kunguru wakabaki chini wakimtukana, na picha za bwana harusi akishuka kwenye gari zikageuka picha za paa la gari. Kwa 8K, kunguru wangeonekana hadi manyoya.

Lakini hakuna lililomuuma kama lile la dau, baharini Bagamoyo, enzi za droni yake ya kwanza, Phantom nyeupe ya miguu miwili. Droni hukariri mahali iliporukia, na betri ikipungua, au mawasiliano na rimoti yakikatika, hurudi pale pale na kutua yenyewe. Jamaa aliirusha kutoka kwenye sitaha. Nahodha akatweka tanga, upepo wa kusi ukajaa, dau likaenda zake. Betri ilipopungua, droni ikarudi nyumbani kama ilivyofundishwa. Nyumbani pakawa maji. Walitazama kwa mbali ikishuka taratibu, taa zikiwaka, kwa nidhamu yote.

"Mwanangu," nahodha akauliza, "ulikiambia kirudi wapi?"

Inspire 3, ikipewa kifaa chake cha kupima mahali, huweza kujua ilipo kwa usahihi wa sentimita. Ingezama sentimita zile zile.

Kuna jambo ambalo matangazo ya mashine hizi huliweka kwa herufi ndogo: kamera mpya haiji peke yake. Hata X5S ya zamani, ikirekodi video ghafi ya 5.2K, humimina data hadi gigabiti 4.2 kwa sekunde. Diski yake maalumu ya GB 480 hujaa kwa kama dakika 15, betri ingali na safari. Tena mwenye kamera hakupewa uwezo huo bure. Alitakiwa kununua leseni pembeni ili kamera yake mwenyewe imkubalie. Jamaa aliinunua, akarekodi harusi nzima kwa ubora huo, kompyuta ikakesha ikivuma kwa feni mpaka alfajiri. Asubuhi familia ikaomba "kipande kidogo cha WhatsApp".

Kwa miaka mingi WhatsApp haikupokea video inayozidi MB 16. Diski moja ya GB 480 ni mara elfu thelathini ya hapo. Kipande kikakamuliwa, kikakamuliwa tena, kikafika kwa bibi Tukuyu, naye akajibu kwa ujumbe wa sauti: bi harusi amemwona, Mungu awabariki, ila bwana harusi ni yupi?

Hata hivyo hoja ya kubadili si ya kipuuzi. Kihisi cha X5S kina milimita 17.3 kwa 13. Kile cha Inspire 3 kina eneo karibu mara nne, na eneo hilo hulipa wakati wa magharibi, jua la pwani linapozama haraka na mwanga mzuri kudumu dakika chache. Wapo pia wateja ambao hawasikilizi hadithi za kunguru. Netflix, kwa mfano, hutaka filamu inazozigharamia zirekodiwe kwa 4K halisi, na watengenezaji wa filamu za wanyama wanataka rangi nyingi za kuchezea baadaye. Ila mteja wa namna hiyo akitaka Serengeti, kuna kibali cha hifadhi, kuna Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kuna idhini ya upande wa ulinzi, na karatasi hizo ni zile zile kwa mashine ya jana na ya mwaka juzi. Zikishapatikana, mashine kubwa hukodiwa, na kodi huingia kwenye bajeti ya filamu. Bajeti ya mama watoto haiguswi.

Kwa harusi alijaribu njia nyingine. Aliazima kwa rafiki droni ya Mavic 3, ya mwaka 2021: gramu 895, kihisi cha daraja lile lile la X5S, dakika 46 hewani kwa makadirio ya kiwandani, wakati Inspire 2 haipiti 27. Kwa hesabu ya picha, mjadala ulikuwa umekwisha. Akaenda nayo kikaoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Droni iko wapi, kijana?"

"Ndiyo hii, mzee."

Mwenyekiti wa kamati akaipokea, akaipima kiganjani, akaigeuza kuangalia kama kuna kingine chini yake. "Hii ya mtoto," akasema. "Ile kubwa iko gereji?" Kisha akaomba apunguziwe bei.

Kilichomaliza ubishi ni swali la bi harusi mwenyewe. "Kaka, utanichukulia ya kusimama? Ya TikTok." Inspire 2 hailazi kamera ubavu kupata picha ya kusimama, na Inspire 3 nayo hailazi. Mojawapo ya zinazolaza ni Mini 3 Pro ya mwaka 2022, droni isiyofika gramu 250, ambayo mwenyekiti asingeiona bila miwani.

Jamaa akachukua kikokotoo. Picha ya 4K ina pikseli 3,840 kwa 2,160. Ukiikata isimame kwa kimo chake chote, unabaki na 1,215 kwa 2,160. Video ya TikTok inataka 1,080 kwa 1,920. Ziada ipo, na inatoka kwenye mashine ile ile ya 2016. Picha ya 8K ikikatwa hivyo ingetoa 2,430 kwa 4,320, ikaonyeshwe kwenye simu ya bi harusi, ambayo kioo chake kina ufa tangu siku ya posa.

Hakununua Inspire 3. Alinunua betri mpya, ambazo kwa Inspire 2 huenda mbilimbili, kwa sababu zile za zamani zilikuwa zimeanza kuvimba. Akaongeza filta za ND, miwani ya jua ya kamera, ili jua la saa sita lisimlazimishe kuharakisha shata. Akabandika vipande viwili vya utepe kwenye kioo cha rimoti kuonyesha bi harusi asitoke wapi. Mavic akainunua kwa yule yule rafiki, iliyokwishatumika.

Kwenye orodha yake ya bei sasa kuna mistari miwili. "Droni ndogo" ni bei ya kawaida. "Droni kubwa" ina nyongeza ya shilingi laki mbili, na kamati zote huichagua. Chini kabisa, kwa herufi nene, kuna sharti lililoongezwa baada ya ile ya Mbezi: droni kubwa ikiagizwa, chakula kifunikwe, na shangazi waarifiwe mapema.