Kwenye mchezo wenu, nani anabeba majeruhi?

Msyuu! Hebu nipisheni hapo mezani, wadogo zangu, nione vizuri. Ramani ya Makiso mmeichora kwa mkono, vizibo vya bia ya Primus ndio askari, dadu mbili, daftari la hesabu. Kazi nzuri, nawapa hongera. Ila huu mstari hapa: "Kombora likimpata, toa pointi 8." Halafu? Anaendelea kukimbia? Aliyebakiwa na pointi 1 analenga shabaha sawasawa na mwenye 30? Aka! Katika Kisangani hii hii?

Najua mlikoitoa. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons mwaka 1974, kila mhusika alipewa pointi za uhai, na kupigwa kukawa kutoa hesabu. Toleo la nne, mwaka 2008, likagawa kazi nne za vitani: anayekinga, anayepiga, anayewainua wenzake, na anayemvuruga adui uwanjani. Toleo la tano likaja mwaka 2014, na humo mtu aliyebakiwa na pointi moja analala usiku mmoja tu, asubuhi mzima. Sawa, anayepigana na mazimwi alale apone, sina ugomvi naye. Lakini ninyi mmechora daraja la Tshopo.

Juni 2000, tangu tarehe 5 hadi 10, jeshi la Uganda lilikuwa ng'ambo ya daraja hilo, jeshi la Rwanda mjini kati, na makombora zaidi ya 6,600 yakamwagika humu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa inasema raia waliouawa ni kati ya 244 na 760, na waliojeruhiwa zaidi ya 1,000. Katika daftari lenu raia hawamo kabisa. Mmeweka wapiga risasi, wapiga mizinga, kamanda. Basi.

Chukueni kizibo kimoja, tuseme kimepigwa mguuni. Huyo hafi, na hatembei. Wawili lazima wamwinue, mmoja kwapani, mwingine miguuni, na wakimwinua mikono yao haishiki bunduki. Pigo moja limewatoa watatu mstarini, wakati kifo kingemtoa mmoja. Mkiandika kanuni hiyo, mchezaji ataanza kuumiza kichwa: namwacha mwenzangu hapa, au napoteza zamu mbili? Hapo ndipo mchezo wenyewe unapoanza, ndugu zangu, na dadu haziwezi kumwamulia.

Tena pigeni umeme. Juni ile umeme ulikatika, na pampu za maji zikasimama. Kwenye ramani yenu waya ukikatwa, zamu ya tatu nyumba zote ziwe na kiu, na mtu atoke na bidoni kwenda mtoni huku makombora yanaanguka. Huyo naye ni mhusika. Mwenye toleka aliyempakia mgonjwa kwenye baiskeli ni mhusika. Vijana wa Msalaba Mwekundu waliokusanya maiti barabarani, wahusika. Mnaniambia hawana nguvu ya kupiga? Nani amesema kila mtu mezani lazima apige?

Hata majaji wa La Haye hawakuyatia madhara yote kapu moja. Tarehe 9 Februari 2022 waliiamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325: milioni 225 kwa yaliyowapata watu, 40 kwa mali, 60 kwa maliasili. Na hiyo ni kwa vita yote, wala si ya mji huu peke yake. Ninyi mna safu moja tu, "pointi." Pigeni mistari, zipatikane safu tatu.

Jambo moja limenifurahisha: mmewaweka waasi wa Simba. Agosti 1964 walipouteka mji huu, ungali unaitwa Stanleyville, walikuwa wamechanjwa na kunyunyiziwa maji ya dawa, na miiko yao ilikuwa mikali: usigeuke nyuma, usiguse mwanamke, piga kelele "Mai Mulele" na risasi itageuka maji. Ninyi mmeandika dawa inapunguza pigo kwa 5. Futeni! Dawa isizuie risasi hata moja. Impe mwenye nayo ujasiri wa kusonga mbele asipopaswa, na adui atupe dadu kuona kama anasimama au anakimbia, kwa maana askari wa serikali walikimbia kweli, mara nyingi. Akianguka, wenzake waseme amevunja mwiko, na imani ibaki vilevile kwa waliosalia. Hiyo ndiyo kazi iliyofanywa na dawa ile hadi makomando wa Ubelgiji waliposhuka kwa miamvuli tarehe 24 Novemba.

Haya, na hapa upande wa Lubunga mmeacha pakavu. Mto Kongo hauna daraja la kwenda kule. Wekeni mtumbwi na mpiga kasia. Anayevusha majeruhi achague nani apande kwanza, na zamu yake iwe nzima, kama ya mwenye mzinga.