Mheshimiwa Mchwa, Karibu Mezani

Wapo wanaomlaani mchwa hapa Songea, na sababu wanazo. Bandu bandu huisha gogo, naye habagui gogo: miimo ya milango, kenchi za paa, hata vyeti vya shule vilivyofichwa uvunguni. Hupita kimyakimya ndani ya ukuta wa tofali mbichi, akakuachia mbao iliyopakwa rangi vizuri ambayo ukiigonga kidole kinazama. Hata hivyo nasimama kumtetea, maana katika wadaiwa wote ninaowafahamu, huyu peke yake hulipa bila kukumbushwa.

Siku ya malipo anaijua mwenyewe. Mvua za kwanza zikishanyesha, Novemba au Desemba, ardhi ikalowa na upepo ukatulia, kichuguu hufunguka na kumbikumbi wakamiminika. Zamani walitegwa kwa mwenge wa nyasi na kishimo mbele ya tundu. Tangu umeme wa gridi ufike kutoka Makambako mwaka 2018, pale Lizaboni na Bombambili kila taa ya nje ni mtego: weka beseni la maji chini yake, mengine waachie watoto. Asubuhi mama anawamwaga kwenye sufuria kavu, bila mafuta, kwa kuwa wanayo yao. Mbawa zikishakauka huzipepeta kwa ungo uani, zikahamia kwa jirani bila hodi. Kisha chumvi, kisha moto mdogo, mpaka mwiko ukiwageuza wanachakarika. Ugali hapo haudai nyama.

Shemeji zetu wa Dar wanakunja uso. Hao hao hulipa pesa nzuri kula kamba, mwenye miguu 10, kisha mwenye 6 wanamwita mdudu. Wakisali nasi Peramiho kipindi cha Majilio, ambacho kwa bahati njema huangukia msimu wenyewe, wanasikiliza Injili ya Yohana Mbatizaji na nzige wake kwa heshima zote. Mezani wanasogeza bakuli pembeni.

Livingstone alikuwa mgeni zaidi yao. Alipofika Ziwa Nyasa mwaka 1861 alipewa mkate mweusi wa kungu, vile vidudu vinavyopaa juu ya maji kwa mawingu. Akauonja, akaufananisha na mayai ya samaki wanayojivunia matajiri wa Ulaya. Umoja wa Ulaya wenyewe uliruhusu mabuu makavu ya mbawakawa wa unga yauzwe kama chakula mwaka 2021, wataalamu wakishachambua mafaili. Bombambili hatukuhitaji faili, na tungekuwa nalo, mchwa angelimaliza kabla ya kikao.

Ila sifa yake kubwa haisemwi. Kumbikumbi akidondosha mbawa na kupata mwenzi, wawili hao huchimba ardhini na kuanzisha ufalme mpya, na malkia akikomaa hutaga mayai maelfu kwa siku. Kwa hiyo kila konzi unayotafuna ni miimo ya mlango iliyonusurika. Huu ni ukarabati wa nyumba unaofanywa kwa meno, na wenye haki ya kuupinga ni mafundi seremala tu, ambao nao, nimewaona, wanakula.

Shemeji asiyetaka hatumlazimishi. Aache taa ya nje inawaka. Beseni tutakuja nalo wenyewe.